Mtamba Aliyezaliwa na Dume

Misheni yetu, upande ule wa Kasongo ambako nchi inaanza kutelemka kuelekea Lualaba, ilikuwa na ng'ombe. Wageni walishangaa, kwa kuwa nchi ile ni ya mbung'o na watu wake hufuga mbuzi, kuku na bata. Lakini mapadri walikuwa wameletewa ng'ombe wafupi, wekundu, waliosemekana kuvumilia mbung'o, na kweli walivumilia. Hawakunenepa, ila waliishi na kuzaa, na maziwa yao yaliwafikia wagonjwa wa zahanati. Aliyewachunga alikuwa ndugu yangu.

Nikisema ndugu yangu, nina maana ya yule niliyekaa naye tumbo moja kwa wakati mmoja. Tulizaliwa asubuhi moja, yeye akitangulia. Kwetu, mtoto akizaliwa, kondo lake la nyuma huwekwa katika chungu, huzikwa nyuma ya nyumba, na juu yake hupandwa mgomba. Mgomba ule ni wa mtoto mpaka siku atakapokufa. Mapacha wana sheria ya ziada: ndizi za mmoja huliwa na mwenzake, na mwenyewe haonji hata moja. Mgomba wa ndugu yangu ulikuwa upande wa jiko, wangu upande wa pili, penye njia ya kisimani. Tangu nilipoota meno nilikula ndizi zake, naye akala zangu. Baba alibatizwa akiwa mtu mzima, na hakuona neno katika jambo hilo. Padri alipomuuliza maana yake, alimjibu kwamba ni ndizi tu.

Namshukuru Mungu kwa wazazi wale. Walinipeleka kwa masista, nikajifunza kusoma, kushona, na katekisimu yote kwa moyo. Kutoka kwa masista niliolewa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa dini katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Kabambare, mwendo wa kutoka asubuhi na kufika jua likielekea kushuka. Alikuwa na kapela, kanisa dogo la matope lililoezekwa nyasi, darasa la watoto, na shamba la pamba kama kila mtu, kwa sababu wakati ule pamba ilikuwa ya lazima na mwalimu hakusamehewa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Watu walisema maneno yake yote aliyamalizia kapelani.

Tuliishi na mama yake. Mama mkwe alikuwa mwanamke mwenye nguvu na sauti, na mwanzoni alinipenda. Alikuwa ameweka akiba kikwembe kipya cha kumbebea mjukuu, chenye maua ya manjano, kilichonunuliwa katika duka la Waislamu sokoni Kasongo. Kila masika alikitoa juani na kukikunja tena. Halafu msimu mmoja nikamkuta amekifunikia kapu la mpunga. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Baadaye alikifungia majembe.

Watu wamenieleza mara nyingi kwamba lazima nilikuwa na uchungu mkubwa. Sikuwa nao. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, wala si kwa kujisifu. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua ni wako, unauona, unaugusa, lakini haukuambii kitu. Nilitwanga, nilipalilia pamba, nilisali rozari, nilimtaja Elizabeti na Sara katika sala zangu kama nilivyofundishwa, na jioni nilipika sombe, majani ya muhogo. Mwezi ulipofika nilifua vitambaa vyangu mtoni na kuvianika mahali ambapo mama mkwe asingeviona, ingawa alijua.

Kati ya ng'ombe wa misheni kulikuwa na mtamba mmoja aliyekuwa amekwisha kupita umri wa kuzaa mara ya kwanza. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, mwenye shingo nene na nywele za kichwani zilizosimama. Ndugu yangu alimpenda kwa sababu hakumsumbua.

"Majike wengine wakifikiwa na wakati wao wanalia mpaka Padri anashindwa kusali," aliniambia nilipokwenda kuwatembelea wazazi. "Huyu hapana. Anakula majani tu, anatazama mbali. Angekuwa mutu, angekuwa sista."

"Usiseme hivyo," nikamwambia, lakini nilicheka.

Kabla ya Pasaka nilirudi nyumbani kusaidia kazi za sikukuu, kama walivyofanya mabinti wote walioolewa karibu. Siku zile alipita munganga wa nyama, Mzungu wa serikali aliyezunguka kukagua mifugo. Alikuwa kijana, uso umeiva kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha, lakini alikitumia kwa furaha. Alipomwona mtamba yule alisimama.

"Huyu alizaliwa peke yake?"

"Hapana, Bwana Munganga," ndugu yangu akajibu. "Alizaliwa na dume. Lile dume iko pale, lile la pembe moja."

Munganga akapiga makofi kama mtu aliyeshinda mchezo. "Basi musimungoje. Muchinje Pasaka. Hatazaa hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Nitakuonyesha."

Alichinjwa siku iliyofuata, nyuma ya zizi. Sisi wanawake tulikuwa tumekaa na mabeseni tukisubiri utumbo wa kuosha, kwa hiyo niliona yote na kusikia yote. Munganga alikunja mikono ya shati, akamwambia ndugu yangu ashike mguu wa nyuma auvute pembeni, akaingiza mikono tumboni. Alitoa kitu chembamba kama kamba ya mgomba.

"Hii ndiyo nyumba ya mutoto," akasema. "Nyumba iko wapi? Ni uzi."

Kisha akafuata ule uzi mpaka mwisho wake, akatoa kitu kidogo, kigumu, kama punje ya kunde. Akakipasua kwa kisu chake cha mfukoni na kutuonyesha. Ndani palikuwa peupe, hapana kitu.

"Mahali hapa panapaswa kuwa na mayai. Jike kila moja lina mayai yake, madogo kuliko mbegu ya mchicha. Huyu hana hata moja."

"Ni nani alimufanya hivi?" ndugu yangu akauliza.

"Ndugu yake."

"Yule wa pembe moja?"

"Ndiyo yule."

"Kwa makusudi?"

Wanawake tukacheka, na Munganga naye akacheka. "Wakati ule alikuwa mudogo kama kidole. Hakujua hata kama yeye ni dume."

Halafu alitueleza, akichora kwa kijiti katika mavumbi. Nitaandika kwa maneno yangu. Alisema kwamba mwanzoni kabisa, mnyama akiwa bado kama kidole tumboni, dume na jike hawana tofauti. Kila mmoja ana vifundo viwili vidogo vilivyo sawasawa, ambavyo bado havijaamua kuwa nyumba ya mayai au korodani. Dume huanza mapema. Vifundo vyake vikishaamua, hutoa katika damu vitu ambavyo wataalamu huviita homoni. Havionekani, lakini huzunguka mwilini kama tarishi, vikitoa amri: hiki kijengwe, hiki kikome. Jike huchelewa, na nyumba ya mayai yake hujengwa polepole, kwa utulivu. Sasa ng'ombe wakiwa pacha, makondo yao hushikana na mishipa yao huungana, na damu ya mmoja huingia kwa mwingine. Tarishi wa dume huvuka na kutoa amri zake katika nyumba isiyo yake. Kile kifundo cha jike, kilichokuwa kinaanza kupanga mayai, husikia amri na kukoma. Mtamba huzaliwa akiwa jike kwa nje, na kwa ndani hana kitu.

"Na dume?" mama mmoja akauliza. "Yeye hapati hasara?"

"Kidogo tu. Yeye ndiye wa kwanza kusema."

"Kama nyumbani kwangu," yule mama akasema, tukacheka tena.

Hakuna aliyeuliza kuhusu watu. Angeulizwa, labda angejibu. Aliosha mikono kwa sabuni ya Padri, akapanda gari lake, akashika barabara ya Kabambare, na mavumbi yakatulia. Nilipogeuka nilimwona ndugu yangu bado ameshika ule mguu wa ng'ombe, ingawa kazi ilikuwa imekwisha.

Siku ya Pasaka hakula nyama. Mama alidhani ni kwa sababu alimzoea mnyama. Akamchomea ndizi, na ndizi zilikuwa za mgomba wangu. Alizitazama, akasukuma sahani.

"Nimekwisha kula vyake vya kutosha," akasema.

Mama alifikiri ananitania. Mimi nilielewa palepale, nikiwa na kijiko mkononi, na nilingoja nihisi kitu. Nilimaliza kula, nikaosha vyombo.

Jumapili iliyofuata, nikiwa nimerudi kwangu, ndugu yangu alitokea kijijini kwetu baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amevaa shati lake la sikukuu na amebeba kuku mweupe, miguu imefungwa. Mtu wa kwetu akija na kuku mweupe na kumlaza chini mbele ya wenye nyumba, amekuja kuomba msamaha, na watu huacha kazi zao wakasikiliza. Mama mkwe alitoka jikoni. Majirani wakasogea. Mume wangu alisimama mlangoni, kitabu cha sala bado mkononi.

Ndugu yangu alipiga magoti. "Mama, nimekuja kwa sababu ya dada yangu. Ninasikia munamulaumu kwamba hazai. Si kosa lake. Ni langu."

"Wewe umefanya nini, mwanangu?" mama mkwe akauliza, na sauti yake ilikuwa ya upole.

"Nilimumaliza tumboni."

Akaeleza yote, mtamba, uzi, punje ya kunde, damu inayovuka. Alieleza vizuri kuliko Munganga. Alikuja ili mzigo utoke kichwani pangu na kukaa kichwani pake, na kwa moyo wake wote aliamini ndivyo itakavyokuwa. Hakuona kwamba alikuwa anawaambia watu wale jambo moja tu walilokuwa hawajalijua: kwamba hapana haja ya kuendelea kungoja.

Mama mkwe alimtazama yule kuku pale chini. Kisha akapiga paja. "Mbona hamukutuambia siku ya kuposa? Jamani, njooni musikie! Mwanangu amefunga ndoa na shemeji yake wa kiume!"

Watu walicheka. Lilikuwa neno zuri, hata mimi naliona hivyo leo. Ndugu yangu alibaki amepiga magoti, midomo wazi.

"Mama, sivyo nilivyosema..."

"Umesema vizuri, mwanangu. Mungu akubariki. Wengine wangeficha." Akamchukua kuku. "Inuka, usichafue suruali."

Kuku alipikwa jioni ile. Mimi ndiye niliyempika.

Tangu siku ile mambo yalinyooka. Mama mkwe hakuwa tena na hasira nami, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alinitendea kama mgeni ambaye safari yake imekwisha kupangwa. Wazee wa ukoo walikaa, wakakubaliana: mpunga ukishavunwa, nirudishwe kwa wazazi wangu kwa heshima, bila matusi, na mume wangu aozwe mwingine aliye mzima. Mume wangu alikumbusha kwamba mwalimu wa dini akioa mke wa pili ananyang'anywa kapela.

"Kapela haizai," mama yake akamjibu.

Mume wangu akachukua jembe lake, akaenda shambani. Siwezi kusema alinitetea, wala siwezi kusema alinitupa. Usiku alisali pamoja nami kama kawaida. Mpunga uliendelea kuiva. Nilikwenda kufukuza ndege shambani na kuona jinsi masuke yalivyogeuka rangi, nikajua kwamba yakishakuwa manjano yote nitaondoka katika nyumba ile, na nikaendelea kufukuza ndege. Katika sala sikuomba kubaki. Niliomba tu nipewe kuhisi kitu, chochote, maana niliogopa kwamba yule mtamba naye alikuwa hivi, akila majani na kutazama mbali.

Karibu na mavuno mume wangu aliniambia, akifunga kamba za viatu: "Kabla hawajakupeleka, twende kwa Masere."

Ndilo jambo alilofanya, na mpaka leo namshukuru kwalo.

Masere, yaani sista wa zahanati, alikuwa mzee, mfupi, mwenye mikono myekundu ya kufua. Alikuwa amezalisha nusu ya Kasongo, Wakristo na Waislamu, na alizungumza Kiswahili kama mama wa sokoni. Mume wangu alibaki nje kwenye benchi chini ya dirisha. Nilimweleza Masere habari yote. Alinisikiliza akikunja bendeji.

"Unaona mwezi?" akauliza.

"Ndiyo, Masere."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Na ng'ombe wenu alitaka dume hata mara moja?"

"Hapana."

"Basi. Wewe si ng'ombe." Akaweka bendeji chini. "Mwezi hauji wenyewe. Unaitwa na ile nyumba ya mayai. Kama ndugu yako angeifunga, usingeuona mwezi, wala usingekuwa na matiti haya kifuani. Nani alikuambia uvae upumbavu huu?"

"Munganga wa nyama, Masere."

"Alisema ni watu?"

"Hapana. Alisema ng'ombe."

"Basi alisema kweli. Ni ng'ombe." Akakaa karibu nami. "Kwa ng'ombe makondo hushikana na mishipa huungana. Kwa watu, mutoto wa kike na wa kiume wakikaa pamoja, kila mumoja ana kondo lake na anakunywa kwake. Hata makondo yakigusana, damu haivuki. Nimezalisha mapacha wengi, nimeyashika kwa mikono hii. Ninyi mulikuwa na kondo moja au mawili?"

"Mawili. Yako nyuma ya nyumba ya mama."

"Yako? Mpaka leo?"

"Yana migomba juu."

Masere alicheka mpaka akavua miwani akapangusa macho. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. Alisema kwamba mwanamke hatengenezi mayai akiwa mtu mzima. Yote huwekwa ndani yake akiwa bado tumboni mwa mama yake, na akizaliwa anatoka nayo, na hayaongezeki tena. "Yako Mungu alikwisha kuyaweka," akasema. "Ndugu yako alikuwa karibu yalipokuwa yanawekwa. Hakugusa hata moja."

"Basi kwa nini sizai, Masere?"

"Sijui. Singekudanganya. Ninakuona muzima." Akaichukua tena bendeji yake. "Mara nyingine ni mwanamume. Watu hawapendi kusikia, lakini mara nyingine ni yeye, na hakuna wa kulaumu."

Dirisha lilikuwa wazi. Nilipotoka, mume wangu alikuwa amesimama, kofia mkononi. Tulirudi njia nzima, yeye akitangulia. Mara moja alisimama kuniondolea mwiba kwenye kikwembe.

Kijijini, mama yake hakutaka kusikia habari za Masere. "Yule hana mume wala mutoto, atajua nini mambo ya tumbo?" Mpunga ulivunwa. Nikafunga mzigo wangu, na siku moja mchana tukaondoka kunirudisha, tukalala njiani kwa jamaa zao, tukafika asubuhi: mama mkwe mbele, wazee wawili nyuma yake, kisha mimi na mzigo, na mume wangu mwisho kabisa.

Mama yangu aliwapokea vizuri. Baba alikuwa amelala mgonjwa ndani, kwa hiyo ni mama aliyekaa nao uani. Ndugu yangu aliitwa kutoka zizini, akaja akasimama mbali, karibu na ukuta. Tangu siku ya kuku hakuwa amekaa nami mahali pamoja. Mama mkwe alisema maneno yake, na kwa haki ya Mungu aliyasema kwa adabu. Alisema hawana ugomvi na mtu. Alisema ni damu tu, damu ya kaka imeingia kwa dada, kijana mwenyewe amekiri.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaingia jikoni, akatoka na jembe.

"Mukwe wangu, njoo nyuma ya nyumba."

Tukaenda wote. Mama akaonyesha upande wa jiko. "Pale ni kondo la huyu mwanamume. Nililizika mwenyewe, na mama yangu akashika chungu." Akageuka, akaonyesha upande wa pili, mbali, penye njia ya kisimani. "Na kule ni la huyu binti. Vyungu viwili. Kati yake nimejenga nyumba na nimelala miaka yote hii. Niambie damu ilivuka wapi."

Mama mkwe alitazama huku, akatazama kule. Mashina ya kwanza yalikuwa yamekwisha kufa zamani, na machipukizi yake yamekuwa mashina, kila upande kichaka chake.

"Ndizi ni ndizi," akasema. "Nitajuaje kama chini iko chungu?"

Mama akamnyoshea jembe. "Chimba."

Hakuna aliyesogea. Kwetu, anayefukua kondo la mtoto wa mwingine amejitwalia yote yatakayompata mtoto yule, na hata wazee wale, waliobatizwa na kuvaa medali, walirudi nyuma kidogo. Mama mkwe alilitazama jembe. Mkono wake uliinuka, ukashuka.

"Sitachimba," akasema. "Ninaamini." Kisha sauti yake ikapanda, kwa sababu alikuwa ametoka mbali na hakuwa na mahali pa kuiweka hasira yake. "Lakini kama si huyu kijana, na kama binti ni muzima, basi ni nani? Eh? Ni nani?"

"Labda ni mimi," mume wangu akasema.

Alikuwa nyuma yetu. Hakupandisha sauti. "Masere alisema mara nyingine ni mwanamume. Nilikuwa dirishani."

Mama yake aligeuka kwa haraka hivi kwamba kilemba chake kikalegea. "Nyamaza! Mutu hasemi hivyo mbele za watu!"

"Nimekwisha kusema, Mama."

Wazee walitazama chini. Mmoja alikohoa. Mama mkwe alifunga kilemba chake upya, akakaza, akakifungua akakaza tena. Angeweza kupiga kelele juu yangu mpaka soko lote lisikie. Juu ya hili hakuweza kupiga kelele hata kidogo, kwa kuwa kila kelele ingekuwa ni kumtangaza mwanawe.

"Jua linapanda," akasema mwishoni, bila kunitazama. "Muke wako achukue muzigo wake. Tunarudi."

Hivyo ndivyo nilivyobaki katika nyumba yangu. Mambo mengine ni mafupi. Hatukupata mtoto. Mume wangu alifundisha katika kapela ile mpaka Wabelgiji walipoondoka na hata baadaye, na tulizeeka pamoja, na sikumsikia tena akirudia neno lile, wala mtu mwingine hakulitaja. Mama mkwe alikufa mikononi mwangu. Katika siku zake za mwisho niliona kile kikwembe cha maua ya manjano, kimefifia, nikamfunika nacho, na hakukikataa. Mara nyingi nimefikiri juu ya maneno ya Masere, kwamba wale wote ambao hawakuja walikuwa wamekwisha kuwekwa ndani yangu kabla sijaona jua, na kwamba ndugu yangu alikuwa karibu nao, na alilala kando yao bila kuwadhuru. Namshukuru Mungu kwa hilo. Si kila mtu anapewa kujua.

Lakini siku ile, kabla hatujaondoka, mama hakukubali wageni waende na njaa. Alikata mkungu katika kichaka changu, penye njia ya kisimani, akachoma ndizi kwa haraka, akazipaka mawese, akawapa wote. Mimi sikupewa, kwa sheria yetu. Ndugu yangu alikuwa bado amesimama ukutani. Nilichukua ndizi mbili juu ya jani nikampelekea.

Alizitazama kwa muda. "Hazikuiva vizuri," akasema.

"Kula hivyo hivyo."

Akachukua moja, akaipuliza, akauma. Alikula amesimama, akitazama zizi. Mafuta ya mawese yakamtiririka kwenye kidole, akayafuta kwenye suruali kama alivyofanya tangu utoto.

"Iko ngumu katikati," akasema, mdomo umejaa.

"Ulizoea kuletewa zilizoiva."

"Leta na ile nyingine."

Nikampa. Mama mkwe aliniita kutoka njiani, nikajitwika mzigo wangu.